Mama Forodha na Mizigo ya Ng'ambo

Akifungua gunia la mtu, alilishona mwenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza sisi wachuuzi wa mtoni tulilolijua kumhusu, kabla hatujajua ametokea mkoa gani wala kama ana watoto. Maafisa waliomtangulia pale kituoni walikuwa wanachana gunia kwa kisu, wanapekua, kisha wanakuachia mchele wako unamwagika njia nzima mpaka kwenye mtumbwi. Yeye alikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ameichomeka kwenye kola ya shati la kazi, na uzi wa katani mfukoni. Alifumua palepale ulipofunga wewe, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akautoa, akashona. Mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wetu. Wapo waliomwomba afungue gunia ambalo wala hakulitilia shaka, ili tu walipate limeshonwa upya.

Tulimwita Mama Forodha. Jina lake lilikuwa kwenye kibao kifuani, na waliojua kusoma walilisoma, lakini simkumbuki mtu hata mmoja aliyelitumia. Alikuwa mrefu, miguu mikubwa, na kofia ya kazi haikumkaa kwa sababu ya nywele, kwa hiyo aliibeba kwapani kama mtu anayekwenda kuirudisha kwa mwenyewe.

Alikuwa na kauli yake moja ambayo wageni waliichukia. "Usinieleze shida, nieleze mzigo." Nilikuwapo siku mama mmoja kutoka Madimba alipoanza kumlilia: "Mama, mwenzio mume kanikimbia, nimebaki na..." Akainua kiganja. "Pole. Mzigo?" Yule mama akafuta machozi kwa hasira, akataja: madumu mawili ya mafuta ya kula, katoni ya sabuni, nyembe. Mzigo ukakaguliwa, ukapita. Mama Forodha akafunga kitabu chake, akasogeza benchi, akasema, "Haya, sasa tuje kwa mume. Kakimbilia wapi?" Akasikiliza habari yote, na ilikuwa ndefu, mpaka mtumbwi ukataka kumwacha yule mama.

Hakula wala kunywa katika nyumba ya mchuuzi. Hata maji. Kwenye misiba yetu alifika, alikaa mkekani na kanga kichwani kama sisi, naye Mkristo, aliosha masufuria mpaka mikono ikawa myeusi, lakini sinia likija alijitoa taratibu akaenda kusimama nje. Alisema akila wali wangu leo, kesho mkono wake utakuwa mwepesi kwenye gunia langu. Basi tukamwona malaika, mpaka tulipocheza naye karata. Mwanamke yule yule aliyekataa kikombe cha chai alikuwa mwizi wa karata wa waziwazi. Alificha ree chini ya paja. Alichungulia za jirani. Ukimkamata alikukazia macho makavu kabisa, akasema, "Uliona?" Ukisema ndiyo, alicheka, akairudisha. Ukisita kidogo, imeliwa.

Kwao ni Kagera. Ndugu zake walimtumia senene wa kukaanga kwenye chupa za plastiki, wale panzi wao, akatukaribisha, nasi tukakimbia tukiziba pua. "Nyie mnaokula pweza," alisema, "mdudu asiye na mfupa, ana macho kama ya mkaguzi, leo mnaona kinyaa panzi?" Pweza hakumgusa miaka yote aliyokaa kwetu. Nadhani ni kitu pekee cha pwani alichokiogopa, kwa sababu bahari hakuiogopa, na wanaume wenye hasira hakuwaogopa.

Hasira zilianza na ile amri.

Vita ya ng'ambo ilipochacha, watu wenye silaha walianza kuchoma vijiji upande wa pili wa Ruvuma, na moshi tuliuona kutoka kwetu Msimbati kama mtu anavyoona moshi wa shamba la jirani. Haikupita muda likaja tangazo: mzigo usivuke. Si unga, si sukari, si mafuta, si dawa, si vipuri vya pikipiki. Kila kinachoweza kumfikia adui kikamlisha au kikamsukuma mbele kimezuiwa, na atakayekivusha atahesabika kuwa amefanya biashara na adui. Mama Forodha angeweza kulibandika tangazo mlangoni akaingia ndani. Badala yake aliomba darasa la shule, akatuita, akalisoma polepole, mstari kwa mstari, akirudia.

Alipomaliza, akasimama mzee mmoja mvuvi, mtu wa Kimakonde aliyeheshimika sana pale kijijini.

"Mama nkubwa," akasema, "mimi n'nauliza. Adui mwenyewe nani? Ng'ambo kule yupo nke wangu wa pili, na wanangu wanne. Nao adui?"

"Hapana, babu."

"Basi ni nchi ile? Tumekosana na nchi ile?"

"Hapana. Zamani chuoni tulifundishwa kwamba nchi ikipigana na nchi, linaandikwa jina la nchi ya adui, na biashara yote na nchi hiyo inakatwa. Hapa," akaigusa karatasi, "hakuna jina la nchi. Wala la mtu."

"Vita gani hiyo haina jina la adui?"

"Ndiyo maana wamezuia mzigo, babu. Mzigo una jina. Unga ni unga. Ukishavuka pale, huna la kuuambia uende kwa mkeo usiende kwa mwingine."

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Na ndugu zetu wa ng'ambo wale nini?" Darasa zima likamgeukia. Aliikunja karatasi mara mbili.

"Sijui," akasema. "Hilo hawakuandika."

Wengi walimchukia tangu siku hiyo, na si kwa sababu alisoma amri bali kwa sababu alisema hajui. Walitaka ama aitetee ama ailaani. Mimi nami nilimchukia kidogo. Nilikuwa nauza sabuni, chumvi na kanga ng'ambo, nikirudi na kamba wakavu, na hiyo ndiyo kazi iliyonilea. Lakini uchungu wangu mkubwa ulikuwa dada yangu Somoe. Aliolewa huko, akakaa miaka bila mtoto, na mimba yake ya kwanza ikashika wakati uleule wa moshi.

Nilimuuliza Mama Forodha siku moja, tukiwa wawili kwenye kivuli cha kituo, inakuwaje mtu mwenye roho ya kuosha masufuria ya msiba wa wengine akaichagua kazi ya kuwanyima watu unga. Niliuliza kwa shari. Hakukasirika.

"Vita ya Uganda nilikuwa darasa la pili," akasema. "Kwetu mpaka ni kama uzio wa jirani, unauruka. Kulikuwa na mama mmoja, alipeleka ndizi upande wa pili kila wiki. Vita ikaanza, ikatangazwa hakuna kuvuka. Yeye akavuka. Aliporudi walimngoja njiani, na si askari, ni majirani. Wakamnyoa kichwa, wakamzungusha kijiji kizima wakimwita mke wa adui. Sisi watoto tulipelekwa kutazama."

"Alimpelekea nani hizo ndizi?"

"Mama yake mzazi."

"Sasa uliyaona hayo, bado ukawa mtu wa forodha?"

"Ndiyo. Wale waliomnyoa walisubiri arudi. Nilitaka awepo mtu wa kumzuia kabla hajavuka."

Neno lake nililisikia. Lakini halikunizuia.

Somoe alipokaribia kujifungua nilifunga mzigo: unga, sukari, mafuta ya nazi, doti mbili za kanga za uzazi, fulana nne za mtoto na kofia ya sufu ya kijani niliyoifuma mwenyewe. Nikaufunika kwa mikeka, nikapanda boti ya mtu niliyemwamini, nikijifanya nakwenda kuuza mikeka kijiji cha pili upande wetu huu huu. Mama Forodha alikuwa ufukweni. Alitazama boti, hakunitazama mimi. Maji yalikuwa yamepanda ubavuni mwake juu kuliko inavyopasa kwa mikeka mitupu.

"Sema kilichomo kabla sijakiona," akaniambia.

Nikaivuta mikeka ikae sawa. Akaingia majini na viatu vyake, akaondoa mikeka mmoja mmoja, akaikunja vizuri. Akatoa unga, akaweka mchangani. Sukari. Mafuta. Alipofika kwenye fulana akasimama. Aliishika moja, ndogo kama kiganja chake.

"Hii ya nani?"

"Ya mtoto wa Somoe. Hajazaliwa."

"Hii si biashara," akasema, kama anayejisemea.

"Basi iache ipite, mama. Chukua unga. Chukua vyote. Niachie nguo."

Nilimwona akifikiri. Boti ilikuwa inamgonga paja na hakusogea. Kisha akaiweka fulana juu ya unga, na kofia juu ya fulana, akatoa kalamu.

"Nikipitisha nguo nitapitisha boti," akasema. "Na boti ikishapita, imepita."

Nilimtukana. Nilimwita mwanamke asiye na tumbo, mbele ya watu, na sikujua kama ana watoto au hana. Baadaye nilikuja kujua hana. Aliandika kila kitu mpaka idadi ya vifungo kwenye fulana, akanipa nakala, akasema, "Shika, usiipoteze." Hakunipeleka polisi, na hakunieleza kwa nini.

Nilipoitwa kituoni wiki iliyofuata kusaini karatasi nilikuta juu ya meza barua aliyokuwa anaiandika kwa wakubwa wake, kwa mkono, kwa sababu mashine ya kuchapa ya kituo ilikuwa mbovu. Hakuificha. Aliomba vitu vidogo vya uzazi, vya ugonjwa na vya msiba viruhusiwe kuvuka, mwenyekiti wa kijiji akiwa shahidi. Ilikuwa barua ya tatu. Mbili za kwanza zilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba maelekezo yabaki kama yalivyo. Ya tatu nayo, nilisikia, ikarudi na mstari huohuo. Majibu aliyatunza kwenye jalada, yamepangwa, na watu walipokuja kumpigia kelele hakuwaonyesha hata siku moja. Ningekuwa mimi ningeyabandika ukutani.

Somoe alivuka mwenyewe. Walikimbia kijiji chao, familia kadhaa ndani ya boti moja, wakatua upande wetu wakiwa na nguo za mwilini tu. Mumewe alikuwa nyuma na akafika baada ya siku nyingi, amekonda. Walioandikisha wageni walipomaliza kuwahoji, dada yangu akaletwa nyumbani na mtoto wa kike mgongoni, umri zaidi ya mwaka, ana meno, anatembea.

Hazijapita siku tatu, nikasikia hodi. Mama Forodha alikuwa mlangoni na kifurushi.

"Mzigo huu ulizuiwa kwa sababu aliyetumiwa alikuwa ng'ambo," akasema, akisimama wima kama yuko kazini. "Sasa yuko hapa, kwa hiyo sababu imekwisha. Unga na sukari viliingia wadudu, tuliviteketeza, karatasi yake hii. Mafuta yalichacha. Nguo zipo zote. Naomba aliyetumiwa asaini."

Somoe alikifungua kifurushi. Akachukua ile kofia ya kijani, akamwekea mtoto kichwani. Ilikaa juu kama kizibo cha chupa. Mtoto akacheka. Somoe hakucheka.

"Mama," akasema, "wakati unaitunza hii, mimi mwanangu nilimfunga kipande cha chandarua."

"Nakuamini," akasema Mama Forodha.

Hakuomba radhi. Somoe akasaini. Nilimkaribisha maji kwa mazoea, akakataa kwa mazoea, akaondoka. Nilimwona akipotea njia kati ya nyumba, akatokea uani kwa jirani, akarudi, akajaribu kichochoro kingine, na wanawake waliokaa barazani wakamtazama tu. Hakuna aliyemwonyesha. Na mimi sikumwonyesha.

Muda si mrefu akahamishiwa ofisi ya mjini, karibu na bandari, kwenye malori ya korosho. Nikasikia ameomba kustaafu mapema. Tulidhani amerudi Kagera.

Mwaka huu nilimpeleka mama mkwe hospitali mjini Mtwara, kliniki ya macho. Benchi limejaa. Pembeni yangu alikaa mwanamke mrefu, jicho moja limefungwa bandeji, la pili lina ukungu, anamuuliza kila anayepita namba imefika ngapi. Nilimjua kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akageuza uso wote kuitafuta sauti. "Wewe ni wa mikeka."

Tukasalimiana kwa mikono, akauliza habari za Somoe, za mtoto, za kijiji. Hakurudi kwao, akaniambia. Amepanga chumba Mikindani, kwao wamebaki wachache wanaomjua. Kisha akasema bila kuulizwa:

"Kabla yako kuna mmoja nilimpitisha."

"Nani?"

"Yule babu. Aliyeniuliza adui ni nani. Amri ina wiki mbili tu. Mjukuu wake ng'ambo alikuwa amefariki, wanataka kufanya arobaini, akaja na magunia mawili ya mchele. Nikageuka, nikatazama upande wa pili. Mchele ukafika." Alikuwa anasugua goti. "Wale watu wenye silaha wakausikia. Katika kijiji chenye njaa, nyumba inayopika wali inajulikana. Walikuja, wakauchukua, wakamchukua na mkwe wa babu awabebee. Hajarudi mpaka leo."

Nikamsogelea kwenye benchi.

"Babu hakunilaumu," akaendelea. "Hata mara moja. Kila akipita kituoni alinishukuru kwa ule mchele. Ningependa angenitukana, kama wewe."

"Kwa nini hukuniambia siku ile ya boti?"

"Ungesema natafuta kisingizio. Na lilikuwa la babu, si langu la kutangaza."

Kuna jambo nimeliruka hapo juu, na pale kwenye benchi niliona siwezi tena kuliruka.

"Mama, na mimi nina langu," nikasema. "Baada ya ile boti, nilipeleka tena. Unga. Nusu mwezi haujapita."

Akaacha kusugua goti. "Ulifika?"

"Ulifika. Somoe aliufukia chini ya mafiga, wakawa wanaukoroga uji mwepesi ili usinukie. Walikuwa nyumba tatu wanakula hapo. Anasema bila huo maziwa yangemkauka."

"Ulipitia wapi?"

"Kwenye mikoko, pamoja na wanawake wanaokamata kaa. Unga ulikuwa kwenye vifuko, chini ya matenga, kaa juu."

"Saa ngapi?"

"Mchana, maji yametoka. Ulikuwepo. Umekaa kivulini unakula mhogo. Ulitupungia mkono."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha sikujua tena ni kipi. Machozi yalitoka kwenye lile jicho lililo wazi. Muuguzi akatokea mlangoni akaita jina, mara moja, mara mbili, na ilinichukua muda kugundua kwamba ndilo lake.

"Nyumba tatu," akasema. "Watoto wangapi?"

"Saba, pamoja na huyu wetu."

"Saba." Akanishika mkono, akainuka kwa kunitegemea, nikamwongoza kuelekea mlangoni kati ya magoti ya watu. "Ningekuona ningekukamata. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Ningekukamata, mdogo wangu, na safari hiyo ningekupeleka polisi, na ningekuwa na haki." Muuguzi akamshika mkono wa pili. Mama Forodha hakuniachia bado. Alisogeza uso karibu, akinitafuta kwa jicho lake lenye ukungu.

"Namshukuru Mungu sikukuona," akasema, akaingia ndani.